AJALI HAINA KINGA? HII INAYO

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Msomaji mpenzi, wahenga walisema kwamba ajali haina kinga. Mimi ni mtoto wa juzi tu, sina mvi hata moja kichwani, na si ada yangu kubishana na wazee. Lakini leo naomba ruhusa niwabishie kidogo. Wahenga hao hawakuwa na simu ya mkononi. Iko ajali moja ambayo kinga yake inalala ndani ya mfuko wa dereva mwenyewe, na ajabu ni kwamba kinga hiyo na kile kinacholeta ajali ni kitu kimoja. Nasema juu ya dereva anayesoma au kuandika meseji huku gari linakwenda.

Najua wengine mtasema, "Ai, tena mahubiri ya ajali! Kila mwaka jarida letu lazima liwe na mmoja wa kutuhubiria." Ngojeni kwanza. Mimi sikuja kuhubiri. Nimekuja kuungama.

Babangu ni dereva wa teksi, zile za kuitwa kwa simu. Gari si lake. Kila jioni lazima ampelekee mwenye gari hesabu yake, safari ziwe nyingi ziwe chache. Kinachobaki baada ya hesabu na mafuta ndicho unga, ndicho kodi ya nyumba, ndicho karo yangu. Simu yake imebandikwa karibu na usukani, na hiyo ndiyo jembe lake. Bila simu hakuna abiria, na bila abiria hakuna ugali.

Muhula wa kwanza mwaka huu chama chetu kilialikwa kwenye kongamano la Kiswahili katika shule moja ya mjini. Nauli na chakula ilikuwa shilingi 400, na mwalimu alitaka pesa zifike kwa M-Pesa kabla ya saa moja jioni siku ya Ijumaa. Mama hakuwa na kitu. Nikachukua simu yake nikamwandikia baba: "Baba, usisahau pesa ya kongamano." Kimya. Nikaandika ya pili. Kimya. Ya tatu, ya nne, kimya kama maji ya mtungini. Ya tano nikaandika hivi: "Baba aki, ni mimi tu nitaachwa."

Wakati huo baba alikuwa akirudi kutoka mjini, amefika Kawangware karibu na steji ya 46. Mnaopajua mnajua palivyo jioni ya Ijumaa: mama mboga huku, boda boda kule, mikokoteni ya maji katikati, na watu wakivuka popote miguu inapowapeleka. Ile meseji ya tano ilipolia, baba aliitazama simu. Alianza kunijibu kwa kidole gumba. Alipoinua macho, mkokoteni ulikuwa mbele ya boneti. Alikanyaga breki kwa nguvu zake zote, lakini gari halina masikio. Liligonga nyuma ya mkokoteni, mitungi ikapasuka, maji yakatapakaa barabarani, na kijana aliyekuwa akivuta akaanguka na kuvunjika mkono.

Tunamshukuru Mungu hakufa. Baba alimpeleka hospitali, akalipa matibabu, akalipa mkokoteni, na kwa wiki zile ambazo kijana hakuweza kuvuta maji akawa anampelekea cha kula. Kongamano sikwenda. Lakini hilo la kongamano ni dogo. Usiku ule baba hakunipiga wala kunifokea. Aliniita, akanionyesha simu yake. Kwenye kioo kulikuwa na maneno ambayo hayakuwahi kutumwa: "Niko nji". Basi. Hakuwahi kumaliza neno "njiani".

Tangu siku hiyo jambo hili limenikaa rohoni kama mwiba, na ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Hebu kwanza tufanye hesabu kama wanafunzi wa Fizikia. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa husafiri karibu mita 14 kila sekunde. Dereva akiinamisha macho kwa sekunde 5 tu, asome meseji fupi, gari limekwenda karibu mita 70 bila mtu wa kuliangalia. Akiwa anakwenda kilomita 80 kwa saa, hizo sekunde 5 ni mita 111, zaidi ya urefu wa viwanja vingi vya mpira. Ni nani kati yetu angekubali kupanda gari ambalo dereva amefungwa kitambaa machoni kwa urefu wa uwanja mzima? Hakuna. Lakini tunapanda kila siku.

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba dereva anayetumia simu yuko katika hatari ya kupata ajali mara nne hivi kuliko asiyetumia. Hapa kwetu Kenya, kuanzia mwaka 2021 hadi 2024, watu zaidi ya 4,000 walikufa barabarani kila mwaka, na kundi kubwa zaidi ni la wanaokwenda kwa miguu. Wanaokwenda kwa miguu ni nani? Ni kijana wa mkokoteni. Ni mama mboga. Ni sisi wa shule ya kutwa, tunaovuka barabara asubuhi gizani na jioni tena. Wenzetu wa bweni wanaogopa kengele. Sisi tunaogopa Waiyaki Way.

Mtu atauliza, je, serikali haina sheria? Sheria ipo. Kanuni za mwaka 2016 ziliweka faini ya shilingi 2,000 kwa dereva anayetumia simu gari likiwa linakwenda. Lakini askari yuko kando ya barabara, na simu iko mapajani. Dereva akimwona askari anaificha, akishampita anaitoa. Sheria haiwezi kukaa ndani ya gari siku nzima. Kitu kinachokaa ndani ya gari siku nzima ni simu yenyewe. Kwa hiyo mimi nikajiuliza, kwa nini simu isijichunge?

Nilipoanza kuulizauliza nikagundua kwamba jambo hili si geni. Mwaka 2017 kampuni ya Apple iliweka ndani ya simu zake za iPhone mpango wa kunyamaza wakati wa kuendesha gari. Simu hutambua kwamba iko garini kwa kuungana na gari kwa Bluetooth, au kwa kuhisi mwendo wenyewe. Hapo meseji zikiingia hazilii wala kuwaka. Zaidi ya hayo, simu inaweza kumjibu yule aliyeandika, ikamwambia kwamba mwenyewe anaendesha gari na ataona ujumbe akifika. Na kama jambo ni la dharura, mwandikaji ana njia ya kulipitisha.

Wazazi wetu wengi hawana iPhone, mimi najua. Lakini simu nyingi za Android zina sehemu inayoitwa "Usinisumbue". Ukiiwasha, simu hunyamaza, na wewe mwenyewe unachagua ni nani anayeruhusiwa kupita. Kuna jambo moja pale lililonifurahisha sana: unaweza kuiamuru simu kwamba mtu yuleyule akipiga mara ya pili ndani ya dakika 15, iache ilie. Na mwenye kabambe naye asijitenge. Kabambe ina kitufe cha kuizima, na gari lina kisanduku cha mbele cha kuitia.

Sasa wale wapendao njia ya mkato watasema, "Si serikali ilazimishe simu zote zikae kimya zikiwa katika mwendo?" Wazo hilo ni tamu mdomoni tu. Fikirini matatu ya abiria 14 inayopanda kutoka Museum Hill kwenda Kangemi. Simu zote mle ndani ziko katika mwendo mmoja. Simu haijui kichwa cha dereva na kichwa cha abiria. Ukizifunga zote, umemfunga muuguzi anayeitwa kazini, umemfunga anayelipa nauli kwa M-Pesa, umemfunga na msichana anayetaka kumjulisha mamake kwamba amechelewa. Ndiyo maana hata zile simu za bei ghali humwachia mtu abonyeze kusema kwamba yeye haendeshi. Na dereva akiamua kudanganya, atabonyeza vilevile.

Tena sisi Wakenya tumeshaona sinema hii. Waziri John Michuki alipoleta kanuni zake za matatu, zilizoanza kutekelezwa mwaka 2004, kila matatu ilitakiwa kuwa na mikanda na kifaa cha kudhibiti mwendo kisizidi kilomita 80 kwa saa. Kanuni zile zilileta nidhamu, na wazee wetu huzisifu hadi leo. Lakini baadaye wako waliochezea vile vifaa, gari likawa na kidhibiti cha kuonyesha askari na mguu wa dereva ukabaki huru. Fundisho ni moja: kifaa ambacho mtu amelazimishwa atakitafutia njia ya kukikwepa. Kifaa ambacho mtu amekikubali mwenyewe, pamoja na wale walio karibu naye, ndicho hufanya kazi.

Walio karibu naye ni nani? Katika matatu ni abiria na makanga. Watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Georgetown, James Habyarimana na William Jack, walifanya jaribio hapa Kenya kuanzia mwaka 2008. Walibandika ndani ya matatu vibandiko vya kuwahimiza abiria waseme dereva akiendesha vibaya. Hawakuweka mtambo wowote, ni karatasi tu. Matokeo waliyochapisha mwaka 2011 yalionyesha kwamba madai ya bima katika matatu hizo yalipungua kwa nusu hivi, hata zaidi. Baadaye vibandiko vya namna hiyo vilienea vikiwa na neno moja ambalo wengi mmeliona: Zusha!

Mwezi uliopita nilikuwa nikitoka mjini nikiwa kiti cha nyuma ya dereva. Tulipopita Westlands, dereva akaweka simu juu ya usukani akaanza kuandika. Msomaji, moyo ulinidunda kama ngoma. Nikaona mitungi ikipasuka tena. Nikasema, "Samahani dere, weka simu chini tufike."

Makanga akacheka. "Mtoto, ni wewe utaendesha?"

Nilitaka kunyamaza. Lakini mama mmoja aliyekuwa na kikapu akasema, "Huyo mtoto amesema ukweli. Mimi nina watoto nyumbani." Mzee wa pembeni akadakia, "Dere, simu peana kwa makanga." Basi matatu nzima ikaanza, huyu hivi na yule vile, na kabla hatujafika ABC Place simu ilikuwa mikononi mwa makanga. Tena makanga ndiye akaijibu: "Ako kwa usukani, nini ulikuwa unataka?"

Hapo nikapata mwanga. Makanga ndiye "Usinisumbue" wa matatu! Yeye hashiki usukani, na nauli za simu mara nyingi hupokea yeye. Hakuna sababu yoyote duniani ya dereva wa matatu kushika simu gari likiwa linakwenda wakati ana mtu mzima mlangoni ambaye angeweza kuijibu. Vyama vya matatu vingeweka kanuni ndogo tu: gari likitoka steji, simu ya dereva iko kwa makanga. Kanuni hiyo haigharimu hata ndururu.

Narudi sasa kwa babangu, maana yeye hana makanga. Baada ya ile ajali tuliketi sote, baba, mama na mimi, tukaipanga simu yake. Tuliiacha programu ya teksi ipite, kwa sababu ndiyo kazi. Meseji zote tukazinyamazisha. Simu za kawaida pia tukazinyamazisha, ila mtu akipiga mara mbili. Mama alipinga mwanzoni. Alisema, "Na mtoto akiugua usiku?" Tukakubaliana hivi: jambo la kawaida, piga mara moja ungoje, jambo la dharura, piga tena papo hapo.

Sitawadanganya kwamba kila kitu kilikuwa asali. Baba ana wateja wake ambao humpigia moja kwa moja bila kupitia programu. Wiki ya kwanza wawili walinuna, na mmoja akatafuta dereva mwingine hata leo hajarudi. Hiyo ni hasara, na katika nyumba yetu hasara ya safari moja inaonekana kwenye sahani. Lakini wiki ya tatu mdogo wangu alibanwa na pumu saa nne usiku. Mama alipiga mara ya kwanza, kimya. Akapiga mara ya pili, simu ikalia. Baba alisimamisha gari kando, akajibu, akaja. Tangu usiku huo mama ndiye anayemkumbusha baba kuiwasha "Usinisumbue" kila anapotoka.

Bado kuna tundu moja ambalo sisi hatuwezi kuliziba. Ombi la safari huingia hata baba akiwa katikati ya barabara na abiria mwingine, na ana sekunde chache tu za kulikubali, la sivyo linaenda kwa dereva mwenzake. Kwa hiyo lazima atazame. Hapa nawaomba walioziunda programu hizo, kwa heshima zote: nyinyi mnajua gari liko wapi na linakwenda kwa kasi gani, maana ramani yenu inaonyesha. Je, mnashindwa kungoja mpaka gari lisimame? Au kumruhusu dereva akubali kwa kusema neno moja kwa sauti? Msimfanye mtu achague kati ya macho yake na mkate wake.

Lakini, msomaji mpenzi, sikuandika haya ili niwalaumu wakubwa halafu nikae kitako. Neno langu kubwa ni hili: dereva haandiki meseji peke yake. Upande wa pili wa kila meseji yuko mtu aliyeketi nyumbani, mwenye haraka, anayetaka jibu sasa hivi. Mara nyingi mtu huyo ni mke, ni mume, ni mdosi wa ofisini, ni mtoto. Simu inaweza kunyamaza, lakini sisi tusipojifunza kungoja, tutamlaumu baba kwamba hajibu, mteja atanuna, mdosi atafoka, na siku ya pili dereva ataizima ile kinga ili apate amani. Teknolojia itamshika dereva mkono ikiwa sisi nasi tumekubali kuiachia simu.

Na hatari kuliko zote ni ile meseji tunayoipenda sana: "Uko wapi?" Hebu tazameni. Ukimwandikia dereva "uko wapi?", jibu la kweli ni moja tu: yuko barabarani. Ulijua hivyo kabla ya kuandika! Umemtoa macho barabarani ili akuambie yuko barabarani.

Kwa hivyo nawaomba wanachama wenzangu mambo matatu, tena hayahitaji pesa. Kwanza, leo jioni ukifika nyumbani, mwombe mzazi au kaka yako anayeendesha gari au boda boda muipange simu yake pamoja. Ni kazi ya dakika tano, na wewe unayejua kubonyeza kuliko yeye usimcheke. Pili, ndani ya matatu usione haya kusema. Sema kwa adabu, lakini sema. Nimeona kwa macho yangu kwamba mmoja akianza wengine watamfuata. Tatu, kama unajua mtu anaendesha, ngoja. Jambo lako litakuwa bado lipo akifika.

Wahenga wangu, nisameheni. Ajali haina kinga ikiwa ni ile usiyoijua itokako. Hii mimi niliiita mwenyewe kwa meseji tano. Yule kijana wa Kawangware amepona na anavuta maji tena. Huwa tunasalimiana nikipita. Kila nikimwona naukumbuka ule ujumbe ambao haukumalizika. Siku hizi baba hatuandikii kwamba yuko njiani. Hugonga mlango tu, nasi tukajua amefika.